KOMPYUTA YA KUJIUNDIA NYUMBANI, PROGRAMU UNAZIDAKA REDIONI!

*Forodha waliweka ngumu, vijana wakapitia dirishani
*Mbunifu hakuuza siri, aliimwaga yote gazetini
*Bongo nako kompyuta na TV zilikuwa mwiko

WASHIKAJI, leo naomba tuweke kando habari za mastaa, mapenzi na nani kamwacha nani. Tuzungumzie mashine.

Usigeuze ukurasa! Mashine yenyewe haina uhusiano na wale jamaa wa tai na viyoyozi. Hii ni mashine ya masela. Ilibuniwa na mtu aliyekuwa likizo, ikaelezwa gazetini hatua kwa hatua kama mapishi ya pilau, ikaunganishwa na watu wa kawaida juu ya meza zao za kulia, na programu zake zikawa zinapigwa redioni katikati ya muziki. Si mchezo!

Jina lake ni Galaksija, na kwao ni Yugoslavia.

Ukiitaja Yugoslavia kijiweni leo, wanaoijua watakutajia mambo mawili tu. La kwanza vita iliyoisambaratisha nchi ile kuanzia mwaka 1991. La pili soka, maana mwaka huohuo wa 1991 Red Star ya Belgrade walibeba Kombe la Ulaya. Habari ya kompyuta haimo kabisa. Basi sogea, nikupe kitu cha kuwafungia mdomo wale wajuaji wa maskani.

MAMBO YALIKUWAJE WAKATI ULE?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta zilikuwa zinatoka maofisini kuingia majumbani. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa mali ya benki, chuo kikuu au jeshi, inajaza chumba na kuhudumiwa na watu wa makoti meupe. Mtu wa kawaida aliishia kuisikia.

Kule Uingereza akatokea jamaa mmoja anaitwa Clive Sinclair. Mwaka 1980 akatoa ZX80, kompyuta ndogo iliyouzwa chini ya pauni 100. Aprili 1982 akashusha ZX Spectrum, ile yenye vitufe vya mpira, bei ikianzia pauni 125. Mwaka huohuo Wamarekani nao wakatoa Commodore 64. Watoto wa shule wakachanganyikiwa!

Hizi zote ni zile tunazoziita kompyuta za biti nane, kwa sababu prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, inashika biti nane tu kwa mkupuo mmoja. Hazikuja na kioo chake. Ulichomeka kwenye TV ya sebuleni, mzee akitaka taarifa ya habari unang'oa. Programu ulizitunza kwenye kanda ya kaseti, hizi hizi za muziki. Ukiiwasha inakuonyesha tu kwamba iko tayari, na hapo kazi ni kwako. Haikuwa na picha za kubofya wala duka la programu. Unataka mchezo? Andika mwenyewe kwa lugha ya BASIC, mstari kwa mstari.

Vijana wa London na Cambridge wakawa wanatesa ile mbaya. Sasa vijana wa Belgrade, Zagreb na Sarajevo je?

Hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

FORODHA NA ZILE MARKI 50

Yugoslavia ya wakati ule ilikuwa nchi ya kijamaa, lakini ya aina yake. Haikuwa chini ya Moscow. Raia wake walikuwa huru kusafiri, na kuvuka mpaka kwenda Trieste, Italia, kununua jinzi lilikuwa jambo la kawaida, kama wafanyabiashara wetu wanavyokwenda Dubai au Guangzhou.

Tatizo lilikuwa fedha za kigeni. Madeni ya nje yalikuwa yamebana, serikali inazilinda fedha za kigeni kama mboni ya jicho. Ikawekwa sheria: kitu cha kutoka nje kisizidi thamani ya marki 50 za Kijerumani. Kompyuta ya Sinclair pamoja na urahisi wake wote ilizidi kiwango hicho mara kadhaa. Commodore ndiyo usiseme.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kijana wa Belgrade aliweza kuisoma kompyuta gazetini, akaiona dirishani mwa duka Italia, akaishika, akaijaribu, lakini akifika nayo mpakani ni kesi.

Wapo walioficha mizigoni. Wapo waliokuwa na mjomba Ujerumani. Wenzangu na mimi wakabaki kumeza mate.

LIKIZO ILIYOZAA MASHINE

Sasa ingia Voja Antonić, mzaliwa wa mwaka 1952. Huyu alikuwa fundi mbunifu wa vifaa vya elektroniki na mwandishi wa makala za mambo hayohayo. Mwaka 1983 alikwenda kupumzika Risan, mji mdogo wa pwani kule Montenegro. Wengine likizo wanabeba riwaya, yeye kabeba kitabu cha maelezo ya chipu! Mtu na mapenzi yake.

Akiwa anasoma, likamjia wazo.

Ngoja nikueleze taratibu, maana hapa ndipo penye utamu. Kompyuta ikitaka kuonyesha maandishi kwenye TV, ni lazima kuwe na kitu kinachochora picha hiyo mara 50 kila sekunde bila kuchoka. Ikikosa kuchora hata kidogo, kioo kinaonyesha vurugu tupu. Kwa hiyo kompyuta nyingi zilikuwa na chipu maalumu ya kuchora, mbali na prosesa. Chipu hiyo ilikuwa ghali, na kwa nchi yenye forodha kali ilikuwa ngumu kupatikana.

Antonić akajiuliza: kwa nini prosesa yenyewe isichore?

Chukulia daladala. Kwa kawaida lina dereva na konda. Dereva anaendesha, konda anadai nauli. Antonić akamfukuza konda. Dereva aendeshe, adai nauli, apige debe na kufunga mlango, yote peke yake. Kweli safari itakuwa ya polepole, kwa sababu kila mara dereva anaacha usukani kwenda kukusanya nauli. Lakini mshahara wa konda umeokolewa, na gari linafika.

Ndivyo alivyofanya. Alitumia prosesa ya Z80, chipu iliyotoka mwaka 1976 na iliyokuwa rahisi kupatikana. Sehemu kubwa ya muda prosesa inachora kioo, na muda unaobaki ndio inafanya mahesabu yako. Sinclair naye alishatumia ujanja wa jamii hiyo kwenye ZX80 yake, lakini yeye alikuwa na kiwanda nyuma yake. Antonić alikuwa na meza yake ya kazi tu.

Aliporudi Belgrade akalijaribu wazo lake. Likafanya kazi! Na kwa kuwa spea zilikuwa chache, mashine nzima ikawa rahisi kiasi kwamba mtu yeyote anayejua kushika chuma cha kuchomea risasi angeweza kuijenga.

GAZETI LIKAGOMBEWA

Kama angekuwa mtu mwingine, hapo angetafuta wakili, akafungia michoro kabatini, akaanza kusaka mfadhili. Antonić hakufanya hivyo. Aliitoa michoro yote ichapishwe, kila mtu aione.

Akakutana na Dejan Ristanović, kijana mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa anaandikia gazeti la Galaksija, gazeti la sayansi lililokuwa maarufu kule. Ristanović alikuwa kwenye matayarisho ya toleo maalumu juu ya kompyuta za nyumbani. Jina lake lilikuwa Računari u vašoj kući, yaani Kompyuta Nyumbani Kwako. Wakakubaliana mchoro wa mashine uingie humo, na mashine ikapewa jina la gazeti.

Toleo likaingia mitaani mwishoni mwa mwaka 1983, likiwa na tarehe ya Januari 1984. Zilichapwa nakala 30,000. Zikayeyuka! Likarudiwa kuchapwa, na tena, mpaka jumla ikafikia kiasi cha nakala 100,000.

Wenyewe walikuwa wamekadiria kwamba wasomaji watakaojitosa kuijenga ni wachache. Wakazoa barua za watu zaidi ya 8,000!

Hebu fikiria gazeti kama hili unaloshika, badala ya picha ya katikati likupe mchoro wa mashine, orodha ya spea na maelezo ya hatua zote kwa Kiswahili chako cha kila siku. Wao walipewa hivyo, kwa lugha yao ya nyumbani. Hakuna aliyeambiwa akasome kwanza Kiingereza ndipo arudi.

Gazeti pia likaratibu upatikanaji wa vipande: bodi, kibodi, na chipu zilizokwisha kujazwa programu ya kuiendesha mashine. Bodi ilikuwa na njia za umeme upande mmoja tu, makusudi, ili hata mtu asiye na mitambo aweze kujitengenezea yake nyumbani. Sehemu nyingine ukaunganisha kwa vipande vya waya.

Boksi la kuivika mashine? Hilo lilikuwa shauri lako! Wapo waliotengeneza la mbao, wapo wa bati, wapo wa plastiki. Ndiyo maana ukiziona picha za Galaksija za wakati ule, hazifanani. Ni kama vibanda vya chipsi, kila mtu na rangi yake.

VIPIMO KWA KIFUPI

Prosesa: Z80A, mwendo wa megahezi 3.072
Kumbukumbu ya kazi: kilobaiti 2, inaongezeka hadi 6
Kumbukumbu ya kudumu: kilobaiti 4, yenye BASIC na kila kitu
Kioo: TV ya nyumbani, herufi 32 kwa mistari 16
Michoro: vitone 64 kwa 48, nyeusi na nyeupe
Hifadhi: redio kaseti
Sauti na rangi: hakuna

Ukiona tarakimu hizo usicheke haraka. Kilobaiti 2 ni nafasi ya herufi 2,048. Makala hii unayosoma isingeenea humo hata ukipachika chipu zote tatu za kumbukumbu. Picha moja ya simu yenye megabaiti 2 ingehitaji Galaksija elfu moja na ushee kuihifadhi!

Na bado watu waliandika michezo humo. Wakaandika programu za hesabu za shule na za kutunza namba za simu. Ukiwa na chumba kimoja unajifunza kupanga vitu, wapangaji wa uswahilini mnanielewa.

MASHINE YENYE ADABU

Antonić alichukua BASIC ya kompyuta ya Kimarekani iitwayo TRS-80, akaifinyanga upya ili iingie kwenye zile kilobaiti 4 pamoja na kazi ya kuchora kioo. Nafasi ilikuwa finyu mno. Ili kubana, alikata maneno yote ya maonyo yasiyo ya lazima.

Kompyuta zingine ukikosea zinakupa mhadhara. Galaksija ilikuwa na majibu matatu tu.

Ukiandika kitu isichokielewa inasema WHAT? Yaani, nini?

Ukiipa hesabu isiyowezekana inasema HOW? Yaani, vipi?

Ukiijaza mpaka kumbukumbu ikaisha inasema SORRY. Yaani, samahani bwana.

Basi! Ni kama kuongea na muuza duka mwenye usingizi. Lakini herufi za kwao zenye vikofia, kama Č na Ž, hakuzikata. Hizo alihakikisha zimo. Mtu aliyebana kila baiti alikuwa na nafasi ya lugha yake.

DIJEI ANAPIGA PROGRAMU

Sasa tuje kwenye redio, maana najua ndicho kilichokushika tangu kichwa cha habari.

Nimesema programu zilihifadhiwa kwenye kaseti. Kompyuta inaibadilisha programu kuwa sauti, mlio wa kukwaruza kama wa mashine ya faksi, na mlio huo unarekodiwa. Ukitaka programu yako tena, unaipigia kompyuta kanda hiyo, inasikiliza na kuirudisha kichwani mwake. Kwa Galaksija mwendo ulikuwa kama biti 280 kwa sekunde, kwa hiyo kuzijaza zile kilobaiti 2 ni dakika moja hivi.

Kama programu ni sauti, na sauti inarekodiwa kwenye kaseti, basi redio nayo inaweza kuirusha. Si ndiyo?

Radio Beograd 202 ilikuwa na kipindi cha vijana kinaitwa Ventilator 202, na mtangazaji wake alikuwa dijei mashuhuri, Zoran Modli. Anapiga muziki, anachekesha, mara anawaambia wasikilizaji wakae tayari na redio kaseti zao. Kisha kwa dakika kadhaa redio nzima inakwaruza. Kwa bibi aliyekuwa anasubiri wimbo, redio imeharibika. Kwa kijana mwenye Galaksija au Spectrum, hapo mchezo mpya unateremka kutoka hewani, bure!

Waliokulia enzi za kurekodi nyimbo redioni wanaujua mchecheto huo. Kidole kiko kwenye kitufe, unamwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya wimbo, na mdogo wako asiwashe kitu kikaleta mikwaruzo. Kwenye wimbo mkwaruzo mdogo unavumilika. Kwenye programu, mkwaruzo mmoja umekwisha, herufi moja ikipotea mashine inaweza kugoma na kukuuliza WHAT?

Kipindi kiliendelea na mtindo huo kwa miaka kama mitatu. Hata Uholanzi redio ya NOS ilikuwa inarusha programu za kompyuta miaka hiyohiyo. Kwa hiyo wewe unayejisifu kwamba unashusha mambo kwa njia ya hewa bila waya, ujue kuna waliokutangulia kwa miaka 40.

NA SISI JE?

Hapa msomaji wangu naomba tuwe serious kidogo.

Yugoslavia na Tanzania hazikuwa nchi za kutupiana jicho kwa mbali. Zote zilikuwa kwenye kundi la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, lile lililofanya mkutano wake wa kwanza wa wakuu wa nchi hukohuko Belgrade mwaka 1961. Zote zilijiita za kijamaa. Na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, uhaba wa fedha za kigeni.

Dawa ya kwetu ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Televisheni nazo kwa upande wa Bara zikawa mwiko. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara vituo vya TV vilianza mwaka 1994, vya watu binafsi.

Sasa piga hesabu. Kompyuta ya nyumbani ya biti nane ilihitaji vitu vitatu: mashine yenyewe, redio kaseti na TV. Kijana wa Dar wa mwaka 1984 alikuwa na kimoja tu kati ya hivyo, redio kaseti, tena kama mzee wake alikuwa na uwezo. Hata kama lile toleo la Galaksija lingetua Kariakoo likiwa limeandikwa kwa Kiswahili safi, angechomeka wapi?

Simlaumu mtu. Waliopiga marufuku walikuwa na sababu zao, nchi ilikuwa inahangaikia mafuta na chakula. Lakini hasara yake ilikuwa ya kweli, na haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha mahesabu. Kizazi kizima cha vijana wa Bara kiliruka darasa lile la kuikuta kompyuta ikiwa tupu, inakusubiri wewe uiambie cha kufanya. Wengi wetu tulipokuja kukutana nayo, ilikuwa imeshakamilika, imefungwa, kazi yetu ni kubofya.

Na si kwamba vipaji havikuwepo! Mafundi redio wa mitaani walikuwepo tele. Yule jamaa wa kwenye kibanda, mwenye rundo la redio zilizofunguliwa matumbo, aliyekuwa anatoa spea hii anapachika pale mpaka National ya mwaka 1975 inaimba, huyo ndiye mtu wa aina ile waliyoiandikia kina Antonić. Alichokosa ni mlango, na mtu wa kumchorea njia kwa lugha anayoielewa.

Leo mlango uko wazi. Tazama mafundi simu wa Kariakoo, wanavyong'oa chipu ndogo kuliko punje ya mchele na kuirudisha huku wanapiga stori. Swali linabaki palepale pa pili: kitabu cha kuwachorea njia kwa Kiswahili kiko wapi?

MWISHO WA MASHINE, SIYO WA HADITHI

Galaksija ilipata bahati ya kuingia hata shuleni. Shirika la vitabu na vifaa vya kufundishia pamoja na kampuni moja ya elektroniki walitengeneza zilizokwisha kuunganishwa, kwa ajili ya wanafunzi. Na lile toleo maalumu likazaa gazeti kamili la kompyuta, lililoitwa Računari.

Lakini dunia haikusubiri. Mashine zenye nguvu zaidi zikazidi kushuka bei, na mwaka 1991 nchi yenyewe ikaanza kupasuka. Watu waliokuwa wanarekodi programu ya redio moja wakajikuta pande tofauti za mipaka mipya, na wengine pande tofauti za bunduki. Nani angekumbuka kompyuta ya herufi 32 kwa mstari?

Hata mwenyewe Antonić alikata tamaa. Mwaka 1995 alizitupa Galaksija zake. Alidhani hakuna mtu atakayezihitaji tena.

Alikosea, tena kwa furaha. Leo Galaksija ipo kwenye Makumbusho ya Sayansi na Teknolojia ya Belgrade. Vijana waliozaliwa baada ya nchi ile kufa wanachukua michoro ileile ya gazeti la Januari 1984 na kujenga mashine mpya, spea kwa spea. Antonić alihamia Marekani na kuendelea kubuni vifaa na kuwafundisha wengine. Hakuwa tajiri kwa sababu ya Galaksija, tofauti na Sinclair aliyetunukiwa cheo cha Sir mwaka 1983. Lakini kwa kuwa aliigawa bure, hakuna kampuni iliyoweza kufilisika na kufa nayo.

Ile chipu ya Z80 ndiyo imeaga juzijuzi. Aprili 2024 kampuni ya Zilog ilitangaza kusimamisha utengenezaji wake, na Juni mwaka huohuo ikafunga kupokea oda. Miaka 48 sokoni! Kuna wachezaji wanaostaafu wakiwa na umri mdogo kuliko huo, hata wale wanaodanganya umri.

KWA MWENYE NIA

Kama umesoma mpaka hapa na mkono unakuwasha, sikuachi hivihivi.

Kwanza, huna haja ya kutafuta mashine yenyewe. Zipo programu za kuiga Galaksija kwenye kompyuta ya kawaida. Unaifungua, inakuandikia READY, na kuanzia hapo ni wewe na lugha ya BASIC. Anza na programu ya kuandika jina lako mara kumi. Ukikosea itakuuliza WHAT? Usikasirike, haina neno lingine.

Pili, michoro ya mashine ipo wazi kwa anayeitaka. Kama una rafiki fundi redio au uko chuo cha ufundi, ichukueni muisome pamoja. Hata msipoijenga, mtaelewa kompyuta inavyofikiri kuliko ukikaa na simu ya milioni mbili miaka kumi.

Tatu, na hili ni kwa mafundi wenyewe mnaosoma ukurasa huu huku mnasubiri wateja: andikeni. Unachokijua kuhusu bodi na chipu, kiandike kwa Kiswahili hichohicho cha kibandani, na mchoro wa kalamu. Kule Belgrade walidhani watapata wasomaji wachache wa kujaribu. Wakapata 8,000.

Habari ndiyo hiyo. Anayebisha akutane nami kijiweni, aje na chuma chake cha kuchomea risasi. Tukutane wiki ijayo, wasalaam!